Bei Tunaiona, Kusubiri Hatuwezi



Mchana wa kila siku ya kazi, wakati hapa Mpanda watu wanatafuta chakula, mjini London unafanyika mnada mfupi wa dhahabu. Mabenki na makampuni machache yanaingia kwenye kompyuta, kila moja linaandika kiasi linachotaka kununua au kuuza kwa bei iliyotajwa, na baada ya nusu dakika mashine inahesabu. Wanunuzi wakizidi, bei inapandishwa. Wauzaji wakizidi, inashushwa. Wanarudia mpaka pande mbili zinakaribiana, kisha bei inatangazwa duniani kote. Jioni wanafanya tena. Kwa saa zetu huo wa pili unaangukia saa kumi na moja au saa kumi na mbili, kulingana na majira yao.

Desturi hiyo ilianza Septemba 1919, na wawakilishi wa nyumba 5 za biashara wakawa wanakutana kwenye ofisi za Rothschild kukubaliana bei ya siku. Walikaa chumbani hivyo kwa miaka mingi, kuanzia 2004 wakawa wanapigiana simu, na Machi 2015 kazi ikahamia kwenye kompyuta. Nimelitaja hilo kwa sababu bei inayotoka pale ndiyo inayoamua mchimbaji wa Dirifu au Singililwa atapeleka nini nyumbani kwake.

Tumezoea kusema soko la fedha ni mambo ya Dar es Salaam na Ulaya, sisi huku ni watu wa mahindi na tumbaku. Mimi nasema Katavi iko ndani ya soko la fedha, na imo kwa muda sasa. Kwa hiyo jioni hii tulitazame soko hilo kwa macho ya muuzaji, maana sisi wengi wetu ni wauzaji.

Nianze na dhahabu. Januari 2019 Rais Magufuli alikutana na wachimbaji wadogo na wafanyabiashara wa madini Dar es Salaam. Malalamiko yao makubwa yalikuwa kodi, na ukosefu wa mahali halali pa kuuzia. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ikafutwa kwa wachimbaji wadogo, na ile ya zuio ya asilimia 5 ikaondoka pia. Soko la kwanza la madini likafunguliwa Geita mwezi Machi mwaka huohuo, mikoa mingine ikafuata, na Mpanda nasi tukapata letu.

Ukiingia sokoni na dhahabu yako, inachomwa mbele yako kuondoa uchafu. Inawekwa kwenye mizani ya kidijitali inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, na mizani hiyo iko ndani ya kisanduku cha kioo, maana hata upepo wa feni unaweza kuichezesha. Kisha inapimwa usafi kwa mashine ya mionzi. Mashine ikisema asilimia 90, maana yake katika kila gramu 100 dhahabu halisi ni gramu 90, nyingine ni fedha, shaba na vinginevyo. Hapo ndipo hesabu inapoanza, na ningependa kila mchimbaji aijue kichwani.

London wanauza kwa wakia, na wakia moja ya dhahabu ni gramu 31.1. Tuchukue namba nyepesi. Wakia ikiwa dola 3,110, gramu moja ya dhahabu safi ni dola 100. Yako ina usafi wa asilimia 90, basi gramu yako ni dola 90. Ondoa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, unabaki na dola 83 na senti 70, kabla ya tozo nyingine ndogondogo na kabla ya faida ya mnunuzi. Zidisha kwa bei ya dola ya siku hiyo. Ukikuta umeambiwa bei iliyo mbali na hapo, uliza tofauti imekwenda wapi. Mwenye simu yenye intaneti anaweza kuifanya hesabu hiyo akiwa bado shimoni. Miaka 20 iliyopita asingeweza, kwa sababu bei ya London alikuwa nayo mnunuzi peke yake, na mchimbaji alitajiwa tu kiasi.

Haya ni mabadiliko makubwa na ninayaheshimu. Mtu aliyekuwa gizani sasa anaona.

Lakini fuatilia dhahabu hiyo kabla haijafika sokoni. Mchimbaji hana baruti, hana pampu ya kutoa maji, hana unga wa kulisha vijana wake. Anayempa hivyo vyote ni sponsa, na wakati mwingine sponsa huyo ndiye mwenye karasha, au ni broka anayezunguka machimboni na pesa mfukoni. Makubaliano ni kwamba dhahabu ikitoka, atauziwa yeye, kwa bei yake. Kwa hiyo siku mawe yanapong'aa, mchimbaji anaitazama bei ya London kwenye simu yake, anajua fika kwamba anapunjwa, na anauza hivyohivyo. Ana deni, na wenye kumdai wako palepale juu ya duara, yaani shimo lake.

Hapo ndipo penye kiini cha ninachotaka kusema leo. Sokoni zipo nguvu mbili: kuijua bei, na kuweza kusubiri. Teknolojia imetugawia ya kwanza kwa ukarimu, ya pili bado iko mikononi mwa walewale.

Mwaka 2020 wakia ya dhahabu ilivuka dola 2,000 kwa mara ya kwanza. Machi 2025 ikavuka 3,000, na Oktoba mwaka huohuo ikavuka 4,000. Wakulima wa jirani wangesema ni neema. Jiulize hata hivyo ni nani aliyefaidi ule mwendo wa kutoka 3,000 hadi 4,000 ndani ya miezi 7: ni yule aliyekuwa na dhahabu kabatini na hana haraka. Benki Kuu yetu yenyewe imeingia katika kundi hilo, inanunua dhahabu ya ndani na kuiweka akiba, na tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wakubwa wanatakiwa kutenga asilimia 20 ya dhahabu yao isafishwe na kuuzwa hapa nchini. Nchi imejifunza kusubiri. Mtu wa duara bado.

Sasa twende kwenye ufuta, ambao unawahusu wengi zaidi wenu mnaonisikiliza huko Mpimbwe, Nsimbo na wilaya ya Tanganyika.

Zamani mnunuzi alikuja na gari mpaka shambani, na mizani yake, na bei yake. Sasa ufuta unapita kwenye stakabadhi ghalani. Unaupeleka kwenye chama chenu cha msingi, AMCOS, unapimwa, unapewa karatasi ya uzito. Unakwenda ghala kuu, mwendesha ghala anatoa stakabadhi kwamba tani kadhaa za ubora fulani ziko kwake. Kisha kiasi hicho kinaingizwa kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Siku ya mnada, mnunuzi anaweza kuwa Dar es Salaam au nje ya nchi, anaandika bei na kiasi kwenye kompyuta yake, na muda ukiisha mfumo unapanga majina kuanzia bei ya juu kwenda chini. Wakulima wanaona kwenye skrini, halafu wanaulizwa: tunauza au hatuuzi? Mikono inanyooshwa.

Kabla ya hapo minada mingi ya aina hii nchini ilikuwa ya barua kwenye sanduku. Wanunuzi waliandika bei, wakafunga bahasha, sanduku likafunguliwa mbele ya watu. Ilikuwa na uwazi wake, ila ilimtaka mnunuzi au mtu wake asafiri hadi mahali pa mnada. Kwa mkoa kama wetu, ambao kwa miaka mingi ulifikika kwa vumbi na kwa treni ya Kaliua, safari hiyo ilitosha kuwakatisha wengi tamaa. Wanaokuja wakiwa wawili au watatu, hawashindwi kuelewana bei njiani. Wakiwa kumi na watano kwenye mfumo, na wengine hawajuani, kuelewana kunakuwa kazi ngumu. Hiyo ndiyo faida halisi ya TMX kwa mtu wa Katavi, na nadhani haielezwi vya kutosha. Watu wanasifu kompyuta kwa kasi yake. Mimi naisifu kwa sababu imeongeza wanunuzi.

Ufuta wa Tanzania sehemu kubwa unakwenda China. Viwanda vya huko vikijaza maghala, mnada wa Mpanda unalegea wiki hiyohiyo. Mkulima anaona bei ya mnada wa leo iko chini ya ile ya wiki iliyopita na anasema tumeibiwa. Mara nyingine ni kweli kuna mchezo, na anastahili kuchunguziwa. Mara nyingine ni meli tu zilizotangulia kufika. Ndiyo maana haki ya kukataa bei ni jambo kubwa: mkikataa, ufuta unabaki ghalani mpaka mnada ujao.

Je, wangapi mnaweza kukataa? Mnada unasubiri mzigo utoshe. Mzigo ukiuzwa, mnunuzi anapewa siku za kulipa. Fedha zinaingia akaunti ya chama kikuu, zinashuka kwenye AMCOS, makarani wanalinganisha majina na uzito, wanakata ushuru na gharama za mjengeko wa bei, ndipo zinaingia akaunti ya mkulima. Kila hatua ina sababu yake. Lakini mama mwenye magunia matatu ya ufuta, ambaye mwanawe anatakiwa shuleni Jumatatu, hana nafasi ya hatua hizo. Anapita mlango wa nyuma, anamwuzia mtu wa pikipiki usiku kwa bei ya chini. Kisheria amekosea yeye na aliyenunua. Ninyi mlioko kwenye vikao vya wilaya mnaotangaza doria na vizuizi barabarani, nawaomba muulize kwanza kwa nini mtu mwenye akili zake akubali kupata kidogo leo na kuacha kikubwa cha baada ya wiki mbili. Tofauti kati ya bei hizo mbili ni gharama ya kutoweza kusubiri, na anailipa maskini kuliko wote kijijini.

Mahindi yana hadithi hiyohiyo, kila mtu hapa anaijua: bei ya Juni na bei ya Januari, gunia la lumbesa, na yule anayeuza kwa bei ya chini ili anunue tena kwa bei ya juu. Vihenge vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, vilivyojengwa hapa Mpanda ni njia ya serikali kusubiri kwa niaba ya wengi.

Nataka nikae zaidi kwenye jambo la tatu kwa sababu ni letu kwa namna ya pekee. Ni msitu.

Katika wilaya ya Tanganyika, vijiji 8, vikiwemo Mwese, Lugonesi, Katuma na Lwega, vimetenga misitu yao ya milima ya Ntakata chini ya mradi wa kampuni ya Carbon Tanzania. Miti inanyonya hewa ukaa na kuihifadhi. Msitu ukifyekwa, hewa hiyo inarudi angani. Kwa hiyo vijiji vinalinda msitu, wataalamu wanapima ni tani ngapi za hewa ukaa zimezuiwa kutoka, zinasajiliwa kwa viwango vya shirika la Verra la Marekani, na makampuni ya mbali yananunua hati ya kila tani ili kufidia uchafuzi wao. Kipimo kinategemea setilaiti inayopiga picha msitu kutoka angani, na askari wa misitu wa vijiji wanaotembea kwa miguu chini yake. Fedha zimekuja, mabilioni ya shilingi, na mnaoishi huko mmeziona kwa macho: madarasa, zahanati, bima za afya za kaya.

Tafakari ukubwa wa jambo hili. Mzee wa Mwese ambaye hajawahi kuingia benki anauza kitu kisichoshikika, kisichonusika, kwa kampuni ambayo hatakutana nayo. Bila setilaiti na bila rejista ya kompyuta biashara hiyo isingekuwepo kabisa. Dhahabu na ufuta vilikuwepo kabla ya kompyuta. Soko la kaboni limezaliwa ndani yake.

Basi Januari 2023 gazeti la The Guardian la Uingereza, pamoja na wenzake wa Ujerumani, lilichapisha uchunguzi uliodai kwamba zaidi ya asilimia 90 ya hati za misitu ya mvua zilizothibitishwa na Verra haziwakilishi upungufu halisi wa hewa ukaa. Verra walikanusha na kupinga namna hesabu zilivyofanywa.  Lakini soko halikungoja mabishano yaishe. Makampuni yaliingiwa na hofu ya kuchafuliwa jina, wanunuzi wakapungua, bei ya hati za misitu ikaporomoka duniani kwa mwaka ule na uliofuata.

Hapa kuna kitu ambacho hatukukizoea. Ufuta ukishuka bei, bado ni ufuta, utautia kwenye kashata. Hati ya kaboni haina matumizi mengine. Thamani yake yote ni imani ya mnunuzi kwamba kilichoandikwa ni kweli. Msitu unaweza kuwa salama, askari wa kijiji akawa hajalala, na bei ikaanguka kwa sababu ya mashaka juu ya msitu wa bara jingine. Kwa hiyo ninapoona kijiji kimepanga mishahara ya walimu wa kujitolea au dawa za zahanati kwa fedha za kaboni za mwaka ujao, moyo wangu unasita. Fedha hizo zijenge vitu vinavyobaki, na sehemu yake iwekwe mahali pa kuvumilia mwaka mbaya. Serikali za vijiji 8 zina mikutano mikuu, na wanakijiji wana haki ya kuuliza akiba iko wapi. Kijiji chenye akiba kinaweza kusubiri bei. Kisichonayo kitakubali lolote.

Akiba hiyo inaweza kukaa wapi? Hapa ndipo lile soko tunalolijua kwa jina linapoingia. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998, kampuni ya kwanza ikiwa TOL. Wakati ule kununua hisa kulitaka uwe Dar, kwenye ofisi ya dalali, ujaze fomu. Sasa unafungua akaunti na kuagiza hisa kwa simu kupitia Hisa Kiganjani, ukiwa Majalila au Inyonga, mradi kuna mtandao. Dhamana za serikali za muda mrefu zinaanzia shilingi 1,000,000, kiasi ambacho kikundi cha VICOBA kinakifikia. Mifuko ya uwekezaji ya UTT inapokea kidogo kuliko hapo.

Simu haijabadilisha tabia ya hisa, hata hivyo. CRDB waliuza hisa zao kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150. Miaka 10 baadaye hisa hiyo ilikuwa chini ya bei hiyo, na waliokuwa na shida ya ada au ya hospitali waliuza kwa hasara. Mwaka 2024 ilivuka 600. Ni hisa ileile. Vodacom nao waliuza kwa 850 mwaka 2017, na kwa miaka kadhaa baadaye bei ilikaa chini ya hapo. Kwa hiyo mtu akikwambia hisa zinalipa, mwulize zinamlipa nani, na baada ya muda gani. Fedha ya mbegu na mbolea ya msimu huu haifai kwenda huko.

Nje ya mipaka yetu kuna mashine zinazonunua na kuuza ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Mei 6, 2010, mjini New York, kipimo cha hisa cha Dow Jones kilishuka karibu pointi 1,000 ndani ya dakika chache na kupanda tena sehemu kubwa kabla jioni haijaingia. Mashine za aina hiyo ziko kwenye soko la dhahabu pia, na bei unayoiona kwenye simu asubuhi inaweza isiwe ile ya mchana. Usishindane nazo. Mnaoshawishiwa kwenye makundi ya WhatsApp kufanya biashara ya sarafu za kigeni kwa kukopa mara mia ya mtaji wenu, jueni kwamba upande wa pili wa muamala wenu kuna kompyuta isiyolala na isiyo na ada ya shule ya kulipa.

Na kuna wale wa upatu, ambao hata soko hawana. Kati ya 2007 na 2009 maelfu kwa maelfu ya Watanzania walipanda mbegu kwenye mpango wa DECI wakisubiri kuvuna, na malipo ya waliotangulia yalikuwa fedha za waliofuata. Mwaka 2022 ikaja Kalynda kwenye simu, na 2025 polisi wakawa wanakamata watu kwa ajili ya LBL. DECI ilikuwa ya daftari na foleni; hizi za sasa zina programu nzuri, rangi za kuvutia, na namba inayoongezeka kila asubuhi. Namba hiyo huwa bei pale tu mtu wa pili anapotoa fedha yake kuilipa. Kwenye dhahabu mnunuzi yupo, unamwona anahesabu noti. Kwenye mnada wa TMX mnunuzi yupo, ana jina na leseni. Kwenye programu ile mwulize anayekuingiza: ni nani nje ya sisi wenyewe anayenunua, na ananunua nini?

Nimalizie na karatasi ambayo wengi wenu mtakuwa nayo msimu huu. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 iliifanya stakabadhi kuwa hati ya mali. Inaweza kuwekwa dhamana benki ukapata mkopo, mzigo ukiwa bado ghalani na bei yake bado haijaja. Kifungu hicho ndicho kinachoweza kumpa mkulima muda, na ndicho tunachokitumia kidogo kuliko vyote. Benki zinasema kumkopesha mwenye magunia matatu gharama yake ni kubwa kuliko riba. Sawa, ikopesheni AMCOS kwa stakabadhi ya mzigo wote, nusu ya thamani, nayo imlipe kila mkulima malipo ya awali siku anayopima, moja kwa moja kwenye simu yake. Uzito upo kwenye mfumo, jina lipo, namba ya simu ipo. Kompyuta inayoweza kumleta mnunuzi wa Dar es Salaam kwenye ghala la Mpanda inaweza kabisa kufanya hilo.

Mikutano mikuu ya vyama hufanyika kabla ya msimu, na ajenda yake ni yenu. Wekeni humo kwamba chama kiende benki na stakabadhi. Wekeni na tarehe: tangu siku ya mnada, fedha ziwe zimefika kwa mkulima ndani ya siku ngapi, na zikichelewa, riba ya siku za kuchelewa inalipwa na mnunuzi, chama kikuu, au inatoka tena kwenye kilo za mkulima?